South Bend, Mji Uliolia Mwezi wa Septemba

Katika jimbo la Indiana nchini Marekani uko mto uitwao Saint Joseph. Mto huu hutiririka kuelekea kusini na magharibi, na ukisha kufika mahali fulani hujipinda ghafula, ukageukia kaskazini kwenda kumwaga maji yake katika ziwa kuu la Michigan. Mahali pale mto unapojipinda, ambapo ndipo upande wake wa kusini kabisa, pamejengwa mji wa South Bend, na maana ya jina hilo ni hiyo hiyo, yaani pindo la kusini. Mji wenyewe si mkubwa kwa kipimo cha Marekani, kwa kuwa watu wake ni zaidi kidogo ya 100,000. Hata hivyo kila mwaka, mwezi wa Agosti unapokwisha na mahindi ya Indiana yanapoanza kukauka mashambani, mamilioni ya Wamarekani hugeuza macho yao kuutazama mji huu, na swali wanaloulizana ni moja tu: Je, mwaka huu timu itaweza?

Timu inayoulizwa ni ya mpira wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho kiko kando ya mji huo upande wa kaskazini.

Njia ya kufika

Mgeni atokaye Chicago aweza kwenda kwa motokaa au kwa gari moshi liendalo kwa nguvu za umeme, na mwendo wake ni kama maili 90. Gari hupita kwanza karibu na viwanda vya chuma vya Gary, ambavyo moshi wake ulijulikana nchi nzima, kisha hupita karibu na vilima vya mchanga vya pwani ya ziwa, na mwisho huingia katika mashamba ya mahindi na maharagwe ya soya yasiyo na mwisho. Mgeni akishuka South Bend hana budi kuisogeza saa yake mbele kwa saa moja, kwa maana mji huu hufuata saa za mashariki, wakati Chicago hufuata saa nyingine. Wako wageni waliosahau jambo hili wakaukuta mchezo umekwisha kuanza.

Zamani mji huu ulisifiwa kwa kazi ya mikono. Mwaka wa 1852 ndugu wa ukoo wa Studebaker walifungua hapo karakana ya kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, nayo ikakua hata ikawa kiwanda kikubwa cha motokaa. Lakini mwezi wa Desemba 1963 habari ilitangazwa kwamba kiwanda cha South Bend kitafungwa, na maelfu ya watu wakapoteza kazi karibu na siku kuu ya Krismasi. Majengo makubwa ya matofali yalikaa matupu miaka mingi. Tangu hapo chuo kikuu ndicho kilichokuwa tegemeo kubwa la kazi katika wilaya ile. Kwa hiyo Jumamosi ya mchezo si siku ya furaha tu. Wenye hoteli, wenye mikahawa, madereva wa teksi, na hata mwenye nyumba aliye na uwanja mtupu wa kuegesha motokaa, wote huzihesabu Jumamosi hizo, nazo hazizidi sita au saba kwa mwaka. Timu ikishinda, wageni huja wengi na hukaa mpaka Jumapili. Timu ikishindwa mapema, baridi huingia mjini kabla ya wakati wake.

Chuo kilichoungua kikasimama

Chuo cha Notre Dame kilianzishwa tarehe 26 Novemba 1842 na padre kijana wa Kifaransa, Edward Sorin, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Umri wake wakati huo ulikuwa miaka 28. Alifika pamoja na mabruda wachache wakati theluji imefunika ardhi yote, akakipa chuo jina la Mama Yetu wa Ziwa. Kwa kweli maziwa ni mawili, na husimuliwa kwamba theluji ndiyo iliyoyafunika yakaonekana kuwa moja.

Tarehe 23 Aprili 1879 moto ulizuka, ukaliteketeza jengo kuu ambalo lilikuwa karibu chuo kizima. Padre Sorin alikuwa amekwisha kuwa mzee wa miaka 65, na kazi ya maisha yake ilikuwa majivu. Wengi walidhani kwamba huo ndio mwisho. Yeye aliamua kwamba watajenga tena, na safari hii watajenga kubwa zaidi. Waashi walifanya kazi majira yote ya joto, na wanafunzi waliporudi mwezi wa Septemba mwaka ule ule walikuta jengo jipya likiwangoja. Juu ya jengo hilo kuna kuba iliyopakwa dhahabu halisi, na juu ya kuba imesimama sanamu ya Bikira Maria. Jua linapoangaza, kuba hiyo huonekana kutoka mbali, na kofia ngumu za wachezaji zimepakwa rangi ya dhahabu kwa kuifananisha.

Shirika hilo la Msalaba Mtakatifu si geni kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1958 mapadre wake walifika Uganda ya magharibi, na mmoja wao, Vincent McCauley, aliyesoma Notre Dame, akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka wa 1961.

Mgeni atembeaye ndani ya chuo huona mengi ya kutazamwa. Liko pango la sala lililojengwa mwaka wa 1896 kwa mfano wa lile la Lourdes, na humo mishumaa haikosi kuwaka, usiku na mchana. Siku ya kuamkia mchezo idadi ya mishumaa huongezeka sana. Ni vigumu kujua ni ipi iliyowashwa kwa ajili ya wagonjwa, ipi kwa ajili ya mitihani, na ipi kwa ajili ya mpira. Iko pia maktaba ndefu ambayo ukuta wake wa upande wa kiwanja una picha kubwa sana ya mawe ya rangi, urefu wake futi 134, yenye kumwonyesha Yesu ameinua mikono miwili. Kwa bahati, mwamuzi wa mpira wa Kimarekani huinua mikono vivyo hivyo timu inapopata pointi, basi mashabiki wakaipa picha hiyo jina la utani linalotokana na mchezo.

Mchezo wenyewe

Kandanda ichezwayo huko si ile iliyozoeleka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Mpira wake umechongoka pande mbili kama yai lenye ncha, na huchukuliwa kwa mikono. Kila upande huwa na watu 11 kiwanjani, nao huvaa kofia ngumu na mito ya kukinga mabega, kwa maana hupigana vikumbo vya nguvu. Kiwanja kina urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli hata mstari wa goli. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kwenda mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nne nyingine, na isipofaulu mpira huenda kwa adui. Mchezaji akiufikisha mpira nyuma ya mstari wa adui, hilo huitwa tachidauni, nalo hupata pointi 6, na teke fupi la kufuata huongeza 1. Timu ikikwama karibu na mstari yaweza kuupiga mpira teke upite katikati ya miti miwili na kupata pointi 3.

Mchezaji anayetazamwa kuliko wote ni yule aitwaye kwotabeki. Yeye ndiye apokeaye mpira kwanza, na katika sekunde mbili au tatu huamua kama ataurusha, atampa mwenziwe, au atakimbia nao mwenyewe. Akikosea, kosa lake huonekana na watu wote waliomo kiwanjani.

Notre Dame walifundishwa mchezo huu na wanafunzi wa chuo cha Michigan, waliofika South Bend mwezi wa Novemba 1887, wakawaonyesha kanuni, kisha siku ile ile wakawafunga pointi 8 kwa 0. Miaka mingi chuo hiki kilikuwa kidogo kisichojulikana. Ndipo tarehe 1 Novemba 1913 kiliposafiri mpaka West Point kucheza na timu ya jeshi, ambayo sifa zake zilikuwa zimeenea nchi nzima. Wanafunzi wawili, Gus Dorais na Knute Rockne, walikuwa wamefanya mazoezi majira yote ya joto katika mchanga wa pwani ya ziwa Erie, mmoja akirusha mpira na mwingine akiudaka huku anakimbia. Wanajeshi walijiandaa kwa vikumbo, na hawakujua la kufanya mpira ulipopita juu ya vichwa vyao. Notre Dame walishinda kwa pointi 35 kwa 13, na tangu siku hiyo jina lao likajulikana.

Rockne, aliyezaliwa Norway, alikuja kuwa mwalimu wa timu. Katika miaka 13 alishinda michezo 105, akashindwa 12 tu, na 5 ilikuwa sare. Ni yeye aliyesimamia shauri la kujenga kiwanja kikubwa kilichofunguliwa mwaka wa 1930. Hakukifaidi sana, kwa kuwa mwezi wa Machi 1931 alikufa katika ajali ya ndege huko Kansas. Kiwanja chake kingali kinatumika, na baada ya kuongezwa na kutengenezwa huchukua watu zaidi ya 77,000. Timu ya chuo huhesabu ubingwa wa nchi mara 11. Lakini mara ya mwisho ilikuwa msimu wa 1988, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake.

Kwa nini mwanzo una uzito

Katika ligi nyingi za mpira wa miguu timu hucheza michezo 30 au zaidi, na ikianza vibaya yaweza kujirekebisha polepole. Mambo ya vyuo vya Marekani ni mengine. Msimu wa kawaida una michezo 12 tu, na vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, kwa hiyo haiwezekani wote wakutane. Kamati ya watu 13 hukaa na kupima nani alimshinda nani, wapi, na kwa kiasi gani, kisha huchagua timu za kuingia katika mashindano ya mwisho. Mpaka msimu wa 2023 timu zilizochaguliwa zilikuwa 4 tu. Tangu 2024 zikawa 12.

Notre Dame ina shida ya ziada. Timu nyingi zimo katika vyama vya ligi, na anayeshinda chama chake kikubwa huwa na njia ya wazi. Notre Dame wamekataa kuingia katika chama cho chote kwa mpira huu, wapate uhuru wa kuchagua wapinzani wao kutoka nchi nzima. Uhuru huo una bei yake. Hawana ubingwa wa chama wa kujitetea nao. Wana hesabu ya michezo 12, na kila mchezo waliopoteza hubaki katika hesabu hiyo kama doa katika kanzu nyeupe.

Matumaini ya mwaka 2024

Mwaka wa 2024 matumaini yalikuwa makubwa. Mwalimu wa timu alikuwa Bwana Marcus Freeman, mwenye umri wa miaka 38, mtoto wa askari Mwamerika mweusi wa jeshi la anga na mama Mkorea. Alikuwa ameshika kazi hiyo tangu Desemba 2021. Kwotabeki alikuwa Riley Leonard, kijana aliyehamia kutoka chuo cha Duke kwa mwaka wake wa mwisho. Mchezo wa kwanza, tarehe 31 Agosti, ulikuwa ugenini Texas, katika kiwanja cha chuo cha Texas A&M ambacho huchukua watu zaidi ya 100,000. Kelele za kule hutisha timu nyingi. Notre Dame walivumilia mpaka dakika za mwisho, wakashinda kwa pointi 23 kwa 13. Waandishi wa magazeti wakawapandisha hadi nafasi ya tano katika nchi nzima.

Waliporudi nyumbani watu wa South Bend walianza kuhesabu. Walitazama orodha ya wapinzani waliobaki wakaona kwamba mlima mkubwa umekwisha kupandwa. Aliyefuata alikuwa Northern Illinois, na wachache sana walimwogopa.

Chuo cha Northern Illinois kiko DeKalb, mji wa mashambani magharibi ya Chicago. Hapo ndipo Joseph Glidden alipotengeneza seng'enge yake, ule waya wa miiba unaozungushwa siku hizi katika mashamba ya mifugo duniani kote, na yeye ndiye aliyetoa ardhi ya kujengea chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka wa 1895 kufundisha waalimu. Ni desturi ya vyuo vikubwa kuvialika vyuo vya namna hiyo na kuvilipa fedha nyingi ili vije kucheza. Chuo kidogo hupata fedha za kuendeshea michezo yake, na chuo kikubwa hupata ushindi. Wacheza kamari walisema kwamba Notre Dame watashinda kwa tofauti ya pointi 28 hivi.

Jumamosi ya huzuni

Tarehe 7 Septemba 2024 ilikuwa Jumamosi. Tangu asubuhi magari yalijaa viwanjani. Watu walitandika meza nyuma ya motokaa zao, wakachoma nyama na soseji, na wazee waliosoma pale zamani wakawaonyesha wajukuu wao vyumba walivyolala. Bendi ya chuo, iliyo ya zamani sana katika nchi ile, ilipita ikipiga tarumbeta na ngoma. Mchezo ulianza saa tisa unusu alasiri.

Notre Dame walitangulia kupata tachidauni, na watu wakakaa kwa raha. Mara mchezaji wa Northern Illinois, Antario Brown, alipokea mpira mfupi, akaponyoka, akakimbia peke yake mpaka mstari wa goli, jumla ya yadi 83. Tangu hapo wageni hawakuwa na hofu tena. Walishika mpira muda mrefu, wakisogea yadi tatu, yadi nne, kama mkulima anayelima tuta moja baada ya jingine bila kuinua kichwa. Wahenga walisema, usidharau kiselema chalima kikapita jembe zima.

Katika kipindi cha tatu Notre Dame walipata tena uongozi, 14 kwa 13, na watu walipumua. Dakika za mwisho zikakaribia. Leonard alirusha mpira mbali, nao ukanaswa na adui. Wageni wakaanza tena kulima matuta yao, saa ikienda, hata zilipobaki sekunde 31 mpigaji wao Kanon Woodill akaupiga mpira yadi 35 ukapita katikati ya miti. Notre Dame walijaribu teke la mwisho kutoka mbali mno, likazuiwa. Ikawa 16 kwa 14.

Mwalimu wa Northern Illinois, Bwana Thomas Hammock, ambaye mwenyewe alicheza katika chuo hicho, alilia mbele ya watangazaji wa televisheni. Upande wa pili watu walitoka kimya. Nyama iliyobaki katika majiko ya makaa haikuliwa. Ilikuwa aibu iliyozidi hesabu, kwa maana mwaka wa 2022, mwanzoni mwa msimu wa kwanza wa Bwana Freeman, walishindwa vivyo hivyo nyumbani na Marshall, chuo kingine ambacho hakikutazamiwa. Wengi walisema kwamba mwalimu huyu hawezi kuwaandaa vijana kwa wapinzani wadogo. Wengine walisema kwamba msimu umekwisha kabla majani hayajapukutika.

Wachache walikumbuka jambo lililoandikwa katika historia yao wenyewe. Mwaka wa 1913 Notre Dame ndio waliokuwa wadogo, waliotoka mashambani kwenda nyumbani kwa mkubwa, wakapokewa bila kuhofiwa. Yale waliyowatenda wanajeshi wa West Point sasa yaliwarudia.

Yaliyofuata

Juma moja baadaye timu ilikwenda West Lafayette, katika jimbo lile lile, kucheza na chuo cha Purdue. Ilishinda kwa pointi 66 kwa 7. Kisha ikashinda tena, na tena. Bwana Freeman hakuwaficha vijana wake habari ya Northern Illinois. Aliwataka wakumbuke uchungu wake, wala hakuwaruhusu kuutupa kisogoni. Navy walikuwa hawajashindwa, wakafungwa 51 kwa 14. Army nao walikuwa hawajashindwa, wakafungwa 49 kwa 14. Mwezi wa Novemba ulipokwisha, hesabu ilikuwa kushinda 11 na kushindwa 1, na kamati ikawaingiza katika timu 12.

Tarehe 20 Desemba 2024, katika baridi kali, South Bend iliona mchezo wa mashindano ya mwisho ukichezwa katika kiwanja cha Rockne kwa mara ya kwanza. Mpinzani alikuwa jirani, Chuo Kikuu cha Indiana. Kijana Jeremiyah Love alipokea mpira karibu na mstari wa goli lake mwenyewe, akakimbia yadi 98 pasipo kushikwa. Notre Dame walishinda 27 kwa 17. Kisha walikwenda New Orleans, mahali ambapo siku ya mwaka mpya watu 14 walikuwa wameuawa barabarani na mtu mwovu, na kwa sababu hiyo mchezo ukaahirishwa kwa siku moja. Walimshinda Georgia. Huko Florida walimshinda Penn State kwa teke lililopigwa zikiwa zimebaki sekunde 7.

Hivyo timu iliyoliliwa mwezi wa Septemba ilisimama Atlanta tarehe 20 Januari 2025 kuutafuta ubingwa wa nchi, baada ya kushinda mara 13 mfululizo. Bwana Freeman alikuwa mwalimu mweusi wa kwanza kuifikisha timu yake katika mchezo huo wa mwisho. Ubingwa hawakuupata. Ohio State waliwafunga 34 kwa 23. Lakini walipokewa nyumbani na watu ambao miezi minne kabla walikuwa wamekata tamaa.

Na Northern Illinois je? Mchezo wao uliofuata, wakiwa wangali wanasifiwa nchi nzima, walishindwa nyumbani na Buffalo, 23 kwa 20. Kutangulia si kufika, na methali hiyo haichagui mkubwa wala mdogo.

Somo lenye pande mbili

Kama habari ingeishia hapo, watu wa South Bend wangeweza kusema kwamba kushindwa mapema si kitu, mradi moyo upo. Mwaka uliofuata uliwaonyesha upande wa pili. Mwaka wa 2025 walianza na kwotabeki mpya, CJ Carr, mjukuu wa mwalimu mashuhuri wa zamani wa Michigan. Mchezo wa kwanza, Florida, walishindwa na Miami 27 kwa 24. Mchezo wa pili, tarehe 13 Septemba nyumbani, Texas A&M walilipa kisasi cha mwaka uliopita. Notre Dame walipata tachidauni ya mwisho, lakini ile pointi 1 ya teke fupi, ambayo kwa kawaida hupatikana bila taabu, waliikosa kwa kutoushika mpira vizuri. Adui akafika mstarini sekunde chache kabla ya mwisho, na teke lake likapita. Ikawa 41 kwa 40. Pointi ile moja ilihesabiwa mchana kutwa katika kila mkahawa wa South Bend.

Baada ya hapo walishinda michezo 10 mfululizo, mingi kwa tofauti kubwa. Watu walisema kwamba hadithi inarudiwa. Lakini tarehe 7 Desemba 2025 kamati ilipotangaza majina 12, la Notre Dame halikuwamo. Miami, waliokuwa na hesabu sawa ya kushindwa mara mbili, walichukuliwa. Hoja iliyotajwa ilikuwa ule mchezo wa kwanza, uliochezwa mwezi wa Agosti na kuamuliwa kwa pointi 3. Vijana wa Notre Dame walikataa mwaliko wo wote wa mchezo wa kufariji, wakaenda nyumbani.

Basi katika misimu miwili mji huu ulifundishwa mambo mawili yasiyofanana. Mwaka mmoja kosa la mwanzo lilisamehewa na likawa dawa. Mwaka wa pili kosa la mwanzo lilikaa kimya miezi mitatu, kisha likadai deni lake lote kwa siku moja. Hakuna kamati wala mwalimu awezaye kumwambia kijana wa miaka 20, anaposimama na mpira mkononi mwezi wa Septemba, ni mwaka wa namna gani alio nao.

Ndiyo sababu watu wa South Bend hawaudharau tena mchezo wo wote wa mwanzo, hata awe nani anayekuja. Mahindi yanapoanza kukauka, wazee hurudi na wajukuu wao, majiko ya makaa huwashwa nyuma ya motokaa, na katika pango la sala mishumaa huongezeka. Juu ya yote kuba ya dhahabu, iliyojengwa na mzee ambaye kazi yake ya miaka 36 iliungua kwa siku moja, huendelea kung'aa. Watu hupita chini yake wakienda kiwanjani, na kila mmoja huuliza lile swali la kila mwaka.